Mama Aliyeumia Akijifungua, na Uamuzi wa Kupasuliwa



Wapendwa wenye ndoa, swali la leo huletwa kwangu baada ya mafundisho, wengine wakiisha kuondoka, na huletwa kwa sauti ya chini. Mara huja mume peke yake, mara huja mke peke yake. Ni nadra kuwaona wote wawili. Habari yenyewe ni hii. Walijaliwa mtoto wa kwanza, lakini mama aliumia vibaya wakati wa kujifungua. Sasa Mwenyezi Mungu amewapa mimba ya pili. Mama amesema wazi kwamba safari hii hataki kurudia yale yaliyompata. Anataka mtoto atolewe kwa upasuaji, na daktari amekubaliana naye. Shida iko nyumbani. Mama mkwe anasema yeye alizaa watoto 8 jikoni na hakuna aliyempasua. Shangazi anasema mwanamke akipasuliwa mara moja uzazi wake umekwisha. Jirani mmoja wa maombi anasema mwenye imani husukuma, na malaika humsaidia. Ndipo wananiuliza: Katekista, je, ni dhambi? Ni kukosa imani? Ni kuukimbia msalaba?

Nalijibu mapema, ili msomaji asiye na nafasi ya kufika mwisho wa ukurasa apate jibu lake: si dhambi. Mama aliyeumia, akishauriana na mumewe na daktari wake, akaona heri apasuliwe, hajamkosea Mungu, wala mume, wala ukoo. Wenye nafasi tukae chini tulichambue jambo hili, kwani ndani yake mna mambo mengi ambayo wenye ndoa wengi hawajawahi kuambiana.

Yafaa kwanza tujue, tukisema mama aliumia, tunasema nini. Wanaume wengi hudhani ni yale maumivu ambayo kila mwanamke huyapata na kuyasahau mara mtoto akilia. Bwana wetu Yesu mwenyewe, katika Injili ya Yohane sura ya 16, alisema kwamba mama akishazaa haikumbuki tena dhiki yake kwa furaha ya mtoto. Lakini alikuwa akisema juu ya furaha. Hakusema kwamba kidonda hupona kwa kusahauliwa.

Wanawake wengi huchanika kidogo wanapozaa mtoto wa kwanza, hushonwa, na baada ya majuma machache wamepona. Lakini wako wengine ambao msamba huchanika mpaka kwenye msuli unaofunga njia ya haja kubwa, na pengine kupita hapo. Jeraha la namna hiyo lisipotambuliwa na kushonwa vema, mama aweza kubaki hawezi kuzuia hewa wala choo. Utamwona kanisani amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na wakati wa kupeana amani hageuki. Watu husema amekuwa na maringo tangu alipojifungua.

Kuna jeraha jingine liitwalo fistula. Hili hutokea uchungu ukikaa siku nzima au siku mbili, mtoto amekwama, kichwa chake kikiigandamiza nyama laini ya mama kwenye mifupa ya nyonga. Damu haipiti, nyama hufa, na baada ya siku chache tundu hufunguka kati ya kibofu na njia ya uzazi, au kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Tangu hapo mkojo hutoka usiku na mchana, mama asiweze kuuzuia. Mara nyingi mtoto naye huwa amekwisha kufa. Wanawake wenye jeraha hili wamefukuzwa nyumbani, wameitwa waliorogwa, wamelala katika vibanda vya mbuzi. Na kumbe hutibika! Mtaalamu huliziba tundu lile kwa upasuaji. Hapa kwetu kazi hiyo hufanyika katika hospitali kubwa kama Kenyatta, na Eldoret ipo Gynocare, hospitali iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya akina mama hao. Tangu mwaka 2013 Umoja wa Mataifa huiadhimisha tarehe 23 Mei kila mwaka kuwa siku ya kupambana na fistula. Kama kuna mama katika jumuiya yako ndogo ndogo anayejificha kwa sababu hii, usingoje tarehe 23 Mei.

Halafu kuna jeraha la ndani ambalo haliwezi kushonwa kwa uzi. Mama akipita mbele ya hospitali ile miguu humlegea. Usiku huamka akidhani yuko tena juu ya kile kitanda. Humkataa mumewe, na huyo mume hudhani hapendwi tena, kumbe mke anaogopa mimba. Hofu hiyo nayo ni ugonjwa, na madaktari huihesabu wanapompangia mama uzazi wake.

Nitawaeleza juu ya mume na mke ninaowafahamu, bila kutaja kwao. Miaka miwili baada ya kuzaliwa mtoto wao wa kwanza walikuwa wakiishi kama wapangaji wawili katika nyumba moja. Mume alikuwa akilala sebuleni. Alikwisha kwenda kwa padre kulalamika kwamba mkewe amemnyima haki yake. Padre akawaita wote wawili, akamwuliza mke mbele ya mume, nini hasa kilitokea siku ile ya kujifungua. Yule mama akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza, na alipomaliza, mume alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Miaka miwili alikuwa hajui kwamba mkewe hufua vitambaa usiku ili yeye asivione. Hakuwa mtu mkatili. Hakuwahi kuuliza tu, na mke hakuona jinsi ya kuanza.

Hapo ndipo namkumbuka yule mwanamke wa Injili ya Marko, sura ya 5. Damu ilimtoka miaka 12. Alikwisha kuwamalizia waganga mali yake yote na hali ikazidi kuwa mbaya. Kwa sheria ya wakati ule alihesabiwa najisi, na kila alichokigusa kikawa najisi pia. Kwa hiyo alikuja kwa nyuma, katikati ya umati, akagusa vazi la Yesu akitumaini kuondoka bila kuonekana. Akaponywa. Lakini angalieni Bwana alivyofanya. Alisimama. Kumbukeni kwamba alikuwa njiani kwenda kwa Yairo, binti wa miaka 12 yuko mahututi, na kila dakika ina thamani. Hata hivyo alisimama akauliza ni nani aliyemgusa, na mwanamke yule akaja akitetemeka, akamweleza kweli yote. Yesu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwita binti.

Angeweza kumwacha aende zake amepona mwili. Kwa nini alimsimamisha? Mimi huona kwamba miaka 12 ya kujificha ilikuwa ugonjwa wa pili, na dawa yake ilikuwa kusema kweli yote mbele ya mtu asiyemdharau. Wewe mume, kabla hujaenda kwa mama yako kuuliza kama mkeo apasuliwe au asipasuliwe, je, umesimama? Umesikia kweli yote? Kama hujui mkeo alichanika kiasi gani, alishonwa na nani, kama bado anavuja akikohoa, kama bado ana maumivu mkilala pamoja, basi huna cha kuamua, kwa kuwa bado hujui habari yenyewe.

Turudi kwa maneno ya watu. La kwanza ni hili la msalaba. Wako Wakristo wanaosema kwamba Mungu alimwambia Hawa atazaa kwa uchungu, na kwa hiyo anayetafuta njia isiyo na uchungu anapingana na Mungu. Hoja hii ni ya zamani, na Kanisa lilikwisha kuijibu. Tarehe 8 Januari 1956 Baba Mtakatifu Pius wa 12 alizungumza na madaktari juu ya uzazi usio na maumivu, akafundisha kwamba maneno yale ya kitabu cha Mwanzo hayakumkataza mama wala daktari kutumia njia halali za kupunguza uchungu. Tena fikirini wenyewe. Sura hiyo hiyo ya Mwanzo inamwambia Adamu kwamba ardhi itamzalia miiba na atakula kwa jasho. Mbona mwanamume anaponunua jembe la kukokotwa na ng'ombe, au anapoita trekta, hakuna anayemwambia anapingana na Mungu?

Msalaba wa kweli ni ule usioepukika, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kumpachika mwenzake msalaba. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa sababu Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa hutoka katika ardhi kwa mapenzi yake Bwana, na mwenye busara hazidharau. Anayesema atasali bila kwenda kwa daktari ameisoma nusu ya sura hiyo, kwani humo sala na tabibu wametajwa pamoja.

La pili ni kwamba upasuaji ni mambo ya wazungu, kwamba babu zetu hawakuyajua. Hili si kweli, na hapa naomba tuvuke mpaka twende Uganda. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja aitwaye Robert Felkin, aliyekuja na wamisionari, alikuwa katika ufalme wa Bunyoro, mahali panapoitwa Kahura. Huko aliwaona waganga wenyeji wakimpasua msichana wa miaka 20 hivi aliyeshindwa kuzaa. Walimnywesha pombe ya ndizi mpaka akalegea, kisha mganga akanawa mikono kwa pombe hiyo hiyo na kumwosha mama tumbo. Akapasua, mtoto akatolewa mzima, na damu ikazuiwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa pini 7 za chuma na kamba ya gome la mti, likapakwa dawa ya mizizi. Felkin alimfuata mama huyo siku kwa siku, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga. Alirudi kwao akaandika habari hiyo mwaka 1884, wakati ambapo huko Ulaya wanawake wengi waliopasuliwa walikuwa wakifa. Basi tusiwadanganye vijana kwamba jambo hili limeletwa juzi kwa ndege.

La tatu ndilo linalouma zaidi: kwamba aliyepasuliwa hakuzaa, alitolewa mtoto tu. Kanisa letu lina mtakatifu ambaye jina lake lenyewe lina maana ya asiyezaliwa, yaani Mtakatifu Raimundi Nonnatus wa Hispania, aliyefariki mwaka 1240. Inasimuliwa kwamba alitolewa tumboni mwa mama yake aliyekwisha kufa. Leo hii wajawazito na wakunga huomba maombezi yake, na sikukuu yake ni tarehe 31 Agosti. Naye Mtakatifu Gianna Beretta Molla wa Italia, daktari na mke na mama wa watoto wanne, alimzaa mtoto wake wa mwisho kwa upasuaji siku ya Jumamosi Kuu, tarehe 21 Aprili 1962. Alikufa juma moja baadaye kwa maambukizo ya tumboni. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza kuwa mtakatifu tarehe 16 Mei 2004, mumewe Pietro alikuwepo pale Roma pamoja na binti yule aliyezaliwa kwa kisu. Je, kuna atakayesimama kumwambia Mtakatifu Gianna kwamba hakuzaa?

Lakini naona lazima niseme jambo hapa, kwa kuwa habari za Gianna hutumiwa vibaya. Yeye alikuwa na uvimbe katika mji wa mimba, na alipoambiwa njia zilizokuwepo alichagua ile iliyomlinda mtoto tumboni, akauondoa uvimbe peke yake. Huo ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, kwa upendo. Hakushurutishwa na mama mkwe. Usimtumie mtakatifu kumtisha mke wako.

Sasa nisieleweke kwamba natangaza upasuaji kama sabuni. Mama anayepasuliwa hufunguliwa tumbo. Aweza kupoteza damu nyingi, kidonda chaweza kuingia usaha, damu yaweza kuganda katika mishipa ya miguu. Na kila anapopasuliwa tena, hatari ya mimba zinazofuata huongezeka, kwa sababu kondo la nyuma laweza kukaa juu ya lile kovu na kung'ang'ania. Kwa hiyo mama ambaye hakuumia na hana sababu yoyote, anayetaka kupasuliwa kwa kuwa rafiki yake alipasuliwa, au ili azae tarehe anayoipenda, huyo afikiri mara ya pili.

Hata kwa waliochanika, si wote ni sawa. Aliyezibwa fistula, madaktari humshauri azae kwa upasuaji mimba zote zinazofuata, kwani uchungu mrefu waweza kufungua tena kazi iliyofanyika. Aliyechanika mpaka kwenye msuli, akapona kabisa asibaki na dalili yoyote, mara nyingi aweza kuzaa tena kwa njia ya kawaida bila shida. Lakini yule ambaye bado hawezi kuzuia hewa au choo vizuri, uzazi mwingine wa kawaida waweza kumzidishia. Hao wawili walichanika namna moja, na jibu lao si moja. Ndiyo sababu nasema nendeni kliniki mapema, wote wawili, mkiwa na karatasi za uzazi wa kwanza kama zipo, mkamweleze daktari yote. Msikae mpaka mwezi wa 8. Na mama akisema, "Daktari, naogopa, siwezi kupitia yale tena," hiyo nayo ni sababu ya kusikilizwa. Wengine wakishasikilizwa na kuelezwa hujikuta wamepata nguvu ya kuzaa kawaida. Wengine hapana. Wote wawili wameamua vema.

Na nani mwenye neno la mwisho? Mnajua kwamba Mtume Paulo katika barua kwa Waefeso anamwagiza mume kumpenda mke kama mwili wake mwenyewe. Mtu ambaye mwili wake umewahi kukatika mahali hauweki tena juu ya msumeno ili kuwafurahisha jirani. Ninyi wawili shaurianeni, msali pamoja, mume atoe mawazo yake yote bila kufichaficha. Lakini mwili utakaolala juu ya kile kitanda ni wa mama, na mtu mzima mwenye akili zake ndiye anayetia sahihi karatasi ya ruhusa. Nimesikia habari za akina mama walioachwa wakisubiri mume atoke safari ndipo wapasuliwe. Hiyo si heshima kwa mume. Ni hatari kwa watu wawili.

Kazi ya mume ni nyingine, na si ndogo. Ni kuwa ukuta. Mama yako akianza maneno, wewe ndiwe wa kumjibu, wala usimwachie mkeo ajitetee mbele ya wakwe akiwa na tumbo la miezi 8. Mwambie kwa adabu, "Mama, tumeshauriana na daktari, tumesali, na mimi ndimi niliyekubali." Mama mzazi akisikia kwamba ni neno la mwanawe, mara nyingi hunyamaza. Asiponyamaza, angalau atakusema wewe, na wewe hujashonwa popote.

Kuna jambo moja ambalo lazima mlizungumze kabla ya siku ya upasuaji, na ni gumu. Mara nyingi mama akiwa anaandaliwa huulizwa kama anataka afungwe mirija kabisa ili asizae tena, hasa kama amekwisha kupasuliwa mara kadhaa. Swali hilo huulizwa kwa nia njema, lakini huulizwa wakati mama ana hofu na karatasi iko mbele yake. Mafundisho ya Kanisa yanajulikana: kufunga uzazi kwa kusudi la kuzuia mimba si halali, hata ikiwa inahofiwa kwamba mimba nyingine italeta hatari. Jambo hili lilielezwa wazi na ofisi ya Roma inayosimamia mafundisho ya imani tarehe 31 Julai 1993, katika jibu lililowahusu hasa akina mama waliopasuliwa mara nyingi. Jibu hilo hilo lilisema pia kwamba mji wa mimba wenyewe ukiwa umeharibika kiasi cha kuhatarisha maisha ya mama wakati ule, kwa mfano damu ikakataa kukatika, ni halali kuuondoa, hata kama hatazaa tena. Kwa hiyo daktari akiuondoa ili kumwokoa mama anayetokwa na damu, mama huyo asije akalia mwaka mzima akidhani ametenda dhambi. Hakutenda.

Najua wako wenye ndoa ambao tayari walitia sahihi. Waende kwa padre wao, wazungumze naye. Hakuna mlango uliofungwa, na mimi si mwenye kuwahukumu katika gazeti.

Wanaobaki na uzazi wao wanatakiwa kupanga kwa busara. Shirika la Afya Duniani hushauri mama akae angalau miaka 2 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, na kwa aliyepasuliwa ushauri huo una uzito zaidi, kovu lipate nguvu. Papa Paulo wa Sita katika waraka wake wa mwaka 1968, Humanae Vitae, alifundisha kwamba wenye ndoa wenye sababu nzito waweza kuachanisha uzazi kwa kufuata nyakati ambazo mwanamke hana rutuba. Njia ya Billings hufundishwa katika parokia nyingi. Ila nawasihi msijifundishe kwa kusikia kwa jirani, maana dalili za mama anayenyonyesha huchanganya, na mtu huhitaji mwalimu wa kumwongoza mwezi kwa mwezi. Na njia hiyo haiwezekani kabisa kama mume hataki kungoja. Mume asiyeweza kungoja siku 10 asimlaumu mkewe kwa kuogopa mimba. Aliyezibwa fistula naye ana sharti lake: daktari humwagiza akae bila tendo la ndoa kwa miezi 3 au zaidi, na amri hiyo ni ya wote wawili.

Mambo machache ya maandalizi, kwa haraka. Upasuaji wa kupangwa kwa kawaida hufanyika mimba ikiwa na wiki 39 hivi, ili mapafu ya mtoto yawe yamekomaa. Uchungu ukianza kabla ya siku hiyo msingoje tarehe mliyopewa. Nendeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane, na pesa za gari ziwe zimewekwa kando. Mama huchomwa sindano ya mgongo, huwa macho, na mtoto akilia humsikia. Tafuteni ndugu wawili au watatu walio tayari kutoa damu. Kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 NHIF haipo tena na SHA imeshika nafasi yake. Msidhani kujiandikisha peke yake kunatosha. Ulizeni hospitalini mapema kama michango yenu imekamilika na kama upasuaji wenu umeingia, kabla ya siku yenyewe. Halafu mwendeeni padre. Kanisa lina baraka yake maalum kwa mama anayekaribia kujifungua, na wengi wetu hatujawahi kuiomba kwa sababu hatujui kwamba ipo.

Mkirudi nyumbani, majuma 6 mama asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Katika nyumba zetu maana yake ni kwamba mtungi wa maji, mzigo wa kuni na debe la mahindi vina mwenyewe mpya, na mwenyewe huyo ni baba. Kama ukiona aibu kuonekana kisimani, nenda asubuhi na mapema, lakini nenda. Homa ikimpanda, kidonda kikitoa maji yenye harufu, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au damu ikizidi, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo.

Nanyi wanajumuiya mtakaokwenda kumwona, bebeni uji na kuni. Msimwulize kama alisukuma au alipasuliwa. Mwulizeni jina la mtoto, na siku ya ubatizo.